Yaliyofanywa gereji yaandikwe kwenye bima

NI nadra siku hizi kuliona gari kwenye barabara ya Kasese kwenda Bwera likiwa bado kama lilivyotoka kiwandani. Noah imeongezwa benchi nyuma. Hiace iliyoundwa kubeba mizigo imekatwa madirisha na kuchomelewa viti. Canter imeongezwa majani ya springi, na mbao za ubavuni zimepandishwa mpaka juu ya kichwa cha dereva. Premio imetolewa injini yake ya asili ikafungwa nyingine, kwa kuwa fundi alimwambia mwenye gari kwamba ile ya kwanza inasumbua. Hata pikipiki inayobeba samaki kutoka Kasenyi ina keria ndefu ya chuma ambayo aliyeiunda pikipiki hiyo kule India hakuifikiria.

Sina ugomvi na mafundi wetu. Bila wao nusu ya biashara ya mpaka wa Mpondwe ingekuwa inatembea kwa miguu. Ugomvi wangu ni juu ya karatasi. Kazi ya gereji inabaki kwenye gari, lakini haifiki kwenye kadi ya gari, ile ambayo wengi hapa Uganda tunaiita logibuku, wala haifiki kwenye fomu ya bima. Mwenye gari analipa ada yake mwaka hadi mwaka akidhani amekingwa, kumbe kilichokingwa ni gari jingine kabisa, lile lililoandikwa.

Mfano ninao hapa hapa nyumbani. Kasenyi ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Ngege, mamba na kambale wanaovuliwa pale huliwa Kasese, lakini wengi wanavuka kwenda Kasindi na Beni kupitia soko la Lhubiriha. Akina mama kumi na mmoja wanaofanya biashara hiyo walichanga akiba yao, wakakopa, wakanunua Hiace iliyokwisha kutumika. Kadi yake iliandika gari la mizigo, viti vitatu. Ndani lilikuwa na viti kumi na vinne, vimechomelewa na mwenye gari aliyetangulia, na kwa kweli ndivyo vilivyowavutia: siku za soko wangebeba samaki, siku nyingine wangebeba abiria na kulipa mkopo.

Mkopeshaji alitaka bima kubwa, si ile ndogo ya lazima. Wakaenda kwa wakala. Wakala hakutoka nje kuliangalia gari. Alichukua kadi, akanakili namba, akauliza bei, akajaza fomu ya Kiingereza kwa mkono wake mwenyewe, na palipoulizwa kama gari limefanyiwa mabadiliko yoyote tangu kiwandani akaweka alama ya hapana. Mwenyekiti wa kikundi akatia sahihi alipoonyeshwa. Miezi michache baadaye, kabla ya mapambazuko, dereva alikutana na kiboko barabarani karibu na Kikorongo. Aliyewahi kupita pale usiku anajua kwamba kiboko hana taa wala haraka. Gari lilipinduka, viti viwili vikang'oka sakafuni, na mama mmoja akavunjika mguu.

Kampuni ilimtuma mkaguzi wake. Kisha ikaja barua ya kurasa mbili, ambayo akina mama hao waliniletea shuleni niwasomee. Niliisoma mara mbili kabla ya kuwafasiria. Ilisema kwamba gari lililopata ajali silo lililoelezwa kwenye maombi, kwamba limebadilishwa umbo na matumizi bila kampuni kuarifiwa, na kwamba mkataba umefutwa tangu siku ulipoandikwa. Ada yao ingerudishwa. Fidia haipo. Mkopo, bila shaka, upo.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, sisi tulidanganya nini?"

Nikamwambia, "Mama, hamkudanganya. Mlinyamaza, na kwenye bima kunyamaza kunahesabiwa."

Nalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu naamini wasomaji wengi wa ukurasa huu, hasa wale waliorudi nyumbani baada ya miaka ya ugenini na wale wanaoishi kwa kuvuka mpaka, wako katika hali ile ile bila kujua. Mimi mwenyewe nilisomea Tanzania, mkoa wa Kagera, kwa kuwa wazazi wangu walivuka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 nikiwa mgongoni mwa mama. Ukimbizini mtoto hujifunza mapema kwamba karatasi ina nguvu kuliko mwenye karatasi. Familia iliyoandikwa watu wanne ilipewa chakula cha watu wanne hata kama watoto sita walikuwa wamesimama pale foleni wakionekana kwa macho. Bima inafanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Kinacholipwa ni kilichoandikwa.

Kanuni hii haikutungwa Kampala. Ilitoka Uingereza, katika kesi ya mwaka 1766 iliyoamuliwa na Jaji Mansfield. Bwana mmoja aitwaye George Carter, gavana wa ngome ya Waingereza huko Bencoolen katika kisiwa cha Sumatra, alikata bima dhidi ya ngome yake kutekwa na adui. Wafaransa wakaiteka mwaka 1760. Aliyeandika bima, Charles Boehm, akakataa kulipa, akidai kwamba gavana alificha udhaifu wa ngome. Ndipo Mansfield aliposema kwamba bima ni mkataba wa uaminifu kamili: anayeomba kukingwa anajua mambo ya mali yake kuliko anayemkinga, kwa hiyo aseme yote yenye uzito, maana huyo mwingine anapanga bei kwa kutegemea maneno yake.

Maneno hayo ndiyo wanasheria wa makampuni wanayoyanukuu mpaka leo. Wanachopenda kukisahau ni kwamba katika kesi hiyo gavana alishinda. Mansfield alisema wajibu wa uaminifu unawabana wote wawili, na kwamba mwandika bima aliyekuwa na uwezo wa kujua au kuuliza, akachagua kupokea ada kimya kimya, hawezi baadaye kujificha nyuma ya ukimya huo. Wakala aliyekaa dirishani Kasese na Hiace ya viti kumi na vinne imeegeshwa hatua ishirini mbele yake, angeweza kujua nini zaidi? Alitakiwa kusimama tu.

Waingereza wenyewe wamekwisha kuirekebisha kanuni yao. Sheria yao ya mwaka 2012 kuhusu bima za watu binafsi iliweka mzigo wa kuuliza juu ya kampuni. Mteja anatakiwa kujibu kwa uangalifu na kwa ukweli, basi. Sisi tuliorithi kanuni ya zamani bado tunaibeba yote, na mwenye gari ndiye anayetakiwa kukumbuka la kusema hata asipoulizwa.

Hapa yafaa tutofautishe bima ndogo na bima kubwa, kwani watu wengi wanazichanganya. Bima ndogo ni ile ya lazima chini ya sheria ya mwaka 1989. Inamkinga mtu wa nje aliyeumizwa au kuuawa na gari lako. Haikutengenezei gari lako, wala haijengi upya kibanda cha nyanya ulichokigonga. Na hata huyo aliyeumia, sheria hiyo iliweka kikomo cha shilingi milioni moja kwa mtu mmoja na milioni kumi kwa ajali nzima. Mwaka 1989 hizo zilikuwa fedha. Leo milioni moja haimalizi bili ya mguu uliovunjika vibaya. Bima kubwa ndiyo inayolipa gari lenyewe, na ndiyo ambayo makampuni huifuta kwanza yakigundua kilichofichwa.

Wenzetu wa Kenya wana kifungu ambacho ningependa kila msafirishaji akijue. Sheria yao ya bima za magari, Sura ya 405, inaizuia kampuni kumkwepa mtu wa nje aliyeumia kwa kisingizio cha hali ya gari au idadi ya watu waliokuwemo. Lakini sheria hiyo hiyo inairuhusu kampuni, ikishamlipa majeruhi, kumgeukia mwenye gari na kumdai fedha hizo. Kwa hiyo hata pale majeruhi anapopona na mkono wa kampuni, mwenye Noah iliyoongezwa benchi anaweza kubaki na deni.

Sasa tuje kwenye ununuzi wenyewe. Bunge letu lilipopitisha mwaka 2018 marekebisho ya kuzuia uingizaji wa magari yaliyotimiza miaka 15, nia ilikuwa njema: moshi mchache, ajali chache. Lakini mtu wa kipato cha mwalimu au cha muuza samaki hakuhama kwenda kwenye gari jipya zaidi. Alihamia kwenye gari lililokwisha kuwapo nchini, lenye namba za UA, lililopita mikono mitano, na kila mkono uliacha kitu chake: mmoja viti, mmoja injini, mmoja usukani, mmoja rangi. Muuzaji wa tano hajui alichofanya wa pili. Na kama anajua, hana sababu ya kukuambia.

Kwa gari linalotoka Japani moja kwa moja, omba karatasi ya mnada. Magari mengi ya mtumba hupita mnadani kule kabla ya kupakiwa kwenda Mombasa au Dar es Salaam, na wakaguzi wa mnada huandika hali ya gari kwa alama. Ukiona daraja la R au RA, ujue gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, W huonyesha mahali palipokwisha kunyooshwa na kupakwa rangi, na XX huonyesha sehemu iliyobadilishwa. Dalali atakwambia karatasi imepotea. Labda ni kweli. Mwambie basi na bei nayo ipotee kidogo.

Kwa gari lililokwisha kuzeeka hapa nchini, anza na kibati cha namba ya chesisi. Chukua Premio za umbo lililotengenezwa kati ya 2001 na 2007, ambazo zimejaa barabara zetu. Zinazoanza na NZT240 zilitoka na injini ya lita moja na nusu. ZZT240 ni lita moja na nukta nane. AZT240 ni lita mbili, ile ya D4 ambayo mafundi wetu wengi wanaikimbia kwa ugumu wa mfumo wake wa mafuta. Ukikuta kibati kinasema AZT240, nawe ukifungua boneti ukaona injini ya 1ZZ, basi injini imebadilishwa. Si dhambi, na huenda gari likawa bora kuliko lilivyokuwa. Lakini namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi si ya injini uliyonunua, na siku ya ajali au ya wizi namba hiyo ndiyo itakayosomwa. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji aende kurekebisha kadi. Ukishalipa, hatakuwa na haraka tena.

Kwa Hiace na Noah, inua zulia. Viti vya kiwandani vimefungwa kwa boliti kwenye matundu yaliyotengwa. Viti vya gereji utaona chuma kimechomelewa juu ya bati tupu. Bati hilo halikuundwa kuvumilia uzito wa mtu gari linapogonga. Hapo suala si bima peke yake, ni mbavu za mama aliyekaa juu ya kiti hicho.

Kwa waliorudi na magari yao kutoka ng'ambo, Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu mkazi anayerudi kuhamia nyumbani kuingiza gari moja bila kulipa ushuru wa forodha, mradi amelimiliki na kulitumia huko kwa miezi isiyopungua kumi na miwili. Ni haki nzuri, na wengi wameitumia. Lakini aliyekuwa akiishi Kongo au Ulaya hurudi na usukani wa kushoto, na kinachofuata ni kumpelekea fundi auhamishie kulia. Kuhamisha usukani ni kuhamisha mfumo mzima: fimbo yake, breki, dashibodi, taa zinazotupa mwanga upande usiofaa. Sijui mabadiliko makubwa kuliko hayo ambayo mtu anaweza kuyafanya akaliita gari jina lile lile. Kampuni ya bima ikiyajua leo huenda ikataka ukaguzi. Ikiyajua kesho kutwa kutoka kwa mkaguzi wa ajali, itakuandikia kurasa mbili.

Jambo hili linazidi uzito kwa kuwa mpaka wetu unafunguka. Mwaka 2021 marais wa Uganda na Kongo walizindua hapa Mpondwe kazi ya kutengeneza barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, pamoja na nyingine za mashariki ya Kongo. Mwaka 2022 Kongo ikawa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gari lililokuwa likigeuzia Lhubiriha sasa linataka kufika Butembo. Ukivuka daraja unaanza kuendesha upande wa kulia, dereva wako amekaa upande wa shimo la barabara badala ya upande wa gari linalokuja, na bima yako ya Uganda imebaki nyuma.

Dawa ya hilo ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo imekuwa ikifanya kazi tangu miaka ya 1980 na inakubalika Kongo. Inauzwa na kampuni yako ya hapa nyumbani kama nyongeza ya bima yako. Inamkinga utakayemgonga kule kwa kufuata sheria ya kule, pamoja na matibabu ya haraka ya waliomo ndani ya gari. Gari lako hailigusi. Na neno lenyewe ni hilo la nyongeza: Kadi ya Njano imesimama juu ya mkataba wa nyumbani kama mtoto mgongoni. Mkataba ukiwa umeandikwa juu ya gari la mizigo la viti vitatu, ndilo gari lililokingwa na kadi hiyo pia, hata kama lililosimama Beni ni basi dogo lililojaa watu.

Najua kinachowazuia wengi kusema. Wanaogopa ada itapanda. Wakati mwingine itapanda kweli, kwani gari la abiria hulipa zaidi ya la binafsi, na kampuni inaweza hata kukataa. Lakini ukikataliwa kabla ya safari unarudi na fedha zako na gari lako; ukikataliwa baada ya ajali hurudi na kimojawapo. Aidha si kila kinachotangazwa kinaongeza ada. Kifaa cha kuzuia wizi, kwa mfano, humpendeza mwenye bima. Keria, bampa la chuma na redio ya bei kubwa visipotajwa havitalipwa vikiharibika, hata kama mengine yote yako sawa.

Kutangaza kwenyewe si kumwambia wakala kwa mdomo huku anahesabu noti. Andika barua kwa kampuni, si kwa wakala, ukieleza kila kilichobadilishwa, lini, na gari linatumika kwa kazi gani hasa. Ambatisha picha. Pigisha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kisha udai nyongeza ya mkataba kwa maandishi inayosema kwamba kampuni imejua na imekubali. Bila karatasi hiyo ya mwisho umejitaabisha bure.

Hata hivyo sitawaacha wenye bima waondoke hivi hivi. Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Mimi ninakifundisha. Inakuwaje basi mwanamke wa Kasenyi anayepatana bei kwa Kiswahili na Mkongomani kila siku ya soko, aletewe fomu ya Kiingereza yenye maswali ambayo jibu lake likikosewa litamfilisi? Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inao uwezo wa kuyaagiza makampuni yachapishe fomu za magari kwa Kiswahili na kwa Lukonzo katika wilaya hii. Inao uwezo pia wa kumtaka wakala atie sahihi kwamba ameliona gari kwa macho yake na kuhesabu viti. Hiyo ni kazi ya dakika tano. Wakala asiyeweza kuifanya asilipwe kamisheni.

Mamlaka hiyo ina ofisi ya malalamiko Kampala, na akina mama wa Kasenyi wameiandikia. Hoja yao ni ile ya Mansfield: gari lilikuwa mlangoni, wakala alikuwa na macho. Jibu likitoka nitaliandika hapa, liwe la kupendeza au la kuudhi.

Kwa sasa nimetayarisha barua ya mfano ya kutangaza mabadiliko ya gari, nusu ukurasa wa Kiswahili na nusu wa Kiingereza, yenye nafasi za kujaza namba ya chesisi, namba ya injini, idadi ya viti na kazi ya gari. Imebandikwa kwenye ubao wa matangazo mwaloni Kasenyi, karibu na mizani ya samaki. Kuinakili hakulipiwi, na asiyejua kuandika aje shuleni baada ya saa kumi.